Kubali Tu, Tumalize

Maneno hayo niliyasema mimi. Nilimwambia mdogo wangu kwenye ujia wa mahakama hapa Mombasa, asubuhi ya Jumatatu moja mwaka 2016, watu wamepangana ukutani wakingoja majina yao yaitwe, na joto la Februari lishaanza kutubana. Alikuwa na miaka 24. Mkobani mwangu mlikuwa na shilingi 60,000 za faini. Nusu tulichangishana nyumbani, nusu ilitokana na bangili mbili za Mama zilizokuwa zimelala kwa sonara tangu Ijumaa. Shuleni ninakofundisha nilikuwa nimepewa ruhusa ya nusu siku tu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Kubali tu, tumalize, twende zetu nyumbani." Tangu utotoni nikimwambia jambo hunisikiza. Akaingia kizimbani, akakubali kosa la kuendesha gari kwa hatari.

Tulikwenda pale kama watu wanaokwenda kulipa bili ya maji. Pesa zikahesabiwa, risiti ikatoka, na kufikia adhuhuri tulikuwa Mwembe Tayari tunakula viazi vya karai, tunamshukuru Mungu. Imenichukua miaka kuelewa kwamba faini ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko yote yaliyotendeka siku ile.

Nianze na ajali yenyewe, maana bila hiyo haya mengine hayana mzizi. Mdogo wangu alikuwa dereva wa gari la mikate. Saa kumi alfajiri anapakia, kisha anavuka daraja la Nyali na kugawa dukani kwa duka: Kongowea, Kisauni, Bamburi, hadi Mtwapa. Siku ile, karibu na Bamburi Mtambo, kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Alikuwa na daftari la oda kwenye kiti cha pembeni, akaliinamia aone duka linalofuata linataka kreti ngapi. Alipoinua macho, mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alikuwa tayari katikati ya barabara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 28 ndani ya sekunde mbili. Mtu anaweza kusoma mstari mmoja wa daftari kwa sekunde mbili.

Mama yule alivunjika paja. Mdogo wangu alisimama, akasaidiana na vijana wa bodaboda kumpakia kwenye tuktuk, akamfikisha hospitali, kisha akaenda mwenyewe polisi kuandikisha. Sheria inamtaka dereva asimame na, kama hakutoa habari zake palepale, aripoti mapema iwezekanavyo na isizidi saa 24. Yeye hakujua hesabu ya saa, alikwenda kwa sababu alikuwa akitetemeka na hakujua pengine pa kwenda. Jioni aliniambia sentensi moja ambayo hadi leo naisikia: "Dada, sikuwa nikikimbia. Niliangalia daftari."

Ndani ya sentensi hiyo mlikuwa na utetezi wake wote, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuuona.

Mimi si wakili. Ila Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iko wazi kwenye mtandao wa Kenya Law na haidai hata senti, na baada ya mambo kuharibika ndipo nilipoketi kuisoma, jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikakuta vifungu viwili vilivyo karibu kama nyumba za Mji wa Kale. Kifungu cha 49 kinamhusu dereva aliyeendesha bila uangalifu unaostahili: aliyesahau, aliyezubaa, aliyeangalia pembeni. Kifungu cha 47 kinamhusu aliyeendesha ovyo, au kwa kasi au namna ya hatari kwa umma. Yote mawili ni makosa, na ya kwanza si ya kuchezea hata kidogo. Lakini uzito wake haulingani. Mdogo wangu alishtakiwa kwa kifungu cha 47. Hakuna aliyemweleza tofauti, naye hakuuliza, kwa sababu dada yake mkubwa, mwalimu, mtu anayejua kusoma, alikuwa amemwambia akubali tu.

Karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili, hilo siwezi kulalamikia. Alisoma kwa kasi ya mtu mwenye mafaili arobaini mezani. Mdogo wangu akajibu, "Ni kweli." Kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, na humo mkawemo maneno kwamba mshtakiwa alikuwa katika mwendo wa kasi akijaribu kuyapita magari mengine. Mdogo wangu akageuka, akanitazama. Yale hayakuwa kweli. Hakuwa akipita gari lolote. Macho yake yaliniuliza, nami nikatikisa kichwa juu chini: ndiyo, endelea. Hakimu akamuuliza kama maelezo ni sahihi. Akasema ni sahihi.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwa nini hakimu aliuliza swali lile. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: mshtakiwa asomewe mashtaka kwa lugha anayoifahamu, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, asomewe maelezo ya tukio, na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akiyapinga kwa jambo la msingi, kukiri kwake kunaondolewa na kesi inasikilizwa. Kwa hiyo ule wakati mdogo wangu alipogeuka kunitazama, mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema, "Mheshimiwa, kumgonga nilimgonga, lakini sikuwa nikikimbia wala kupita gari." Mlango ule niliufunga mimi kwa kutikisa kichwa.

Na ukishafungwa haufunguki kirahisi. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema aliyekiri kosa mwenyewe hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia adhabu, kama imezidi au haikuwa halali. Rufaa yenyewe ina siku 14. Sisi siku 14 zilipita tukitafuta pesa za kukomboa bangili.

Kabla ya kutaja faini, hakimu alimuuliza mwendesha mashtaka kuhusu rekodi ya mshtakiwa. Akajibiwa kwamba hana rekodi, achukuliwe kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Moyo wangu ulitulia. Nilisikia sifa. Sikuelewa kwamba neno lile lilikuwa likisemwa juu yake kwa mara ya mwisho maishani.

Watu wa Mombasa tuna mazoea na kesi za barabarani, na mazoea hayo yana sababu. Gari lina taa moja, konda ananing'inia mlangoni, abiria amepakiwa kupita kiasi: haya tumezoea kuyaona yakiisha asubuhi kwa asubuhi. Mengi kwa kweli ni madogo. Kanuni za 2016 za makosa madogo ya trafiki zimeyapangia bei kabisa: kutofunga mkanda shilingi 500, kushika simu ukiendesha 2,000, kuzidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 shilingi 500, kwa 11 hadi 15 shilingi 3,000, kwa 16 hadi 20 shilingi 10,000. Unalipa, unaendelea na safari. Kosa letu ni kuchukua roho hiyohiyo ya kulipa na kuondoka tukaingia nayo katika kesi ambazo si za bei. Kuendesha kwa hatari, kuendesha ukiwa umelewa, kusababisha kifo: haya ni mambo ya jinai, na hukumu yake hukaa na jina la mtu.

Angalia kifungu cha 47 chenyewe kinavyohesabu. Mara ya kwanza, faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili. Mara ya pili faini inapanda hadi 300,000, kifungo kipo, na zaidi ya hapo mahakama inatakiwa kuifuta leseni na kumpiga marufuku dereva asipate nyingine kwa miaka miwili. Neno "mara ya pili" ndilo lenye kazi yote. Rekodi inabadilisha bei ya kosa ambalo hata hujalitenda. Mdogo wangu leo anaendesha tuktuk kati ya Buxton na Kongowea, na kila anapokaza breki ghafla, mimi niliyekaa nyuma najua anachokifikiria. Mwenzake akikosea, ni mkosaji wa mara ya kwanza. Yeye hana tena mara ya kwanza.

Na pale mtu anapokufa, kifungu cha 46 kinasema kifungo kisichozidi miaka 10, leseni inafutwa, na marufuku ya miaka mitatu inaanza kuhesabiwa siku ya hukumu au siku ya kutoka jela, ile itakayochelewa. Nimelirudia hili mara nyingi kwa vijana wa mtaani kwetu kwa sababu wengi hudhani kifungo kinalipa kila kitu. Anayetoka gereza la Shimo la Tewa baada ya miaka miwili, akasimama pale barabara ya Malindi akingoja matatu ya kumrudisha mjini, bado ana miaka mitatu kamili ya kukaa kwenye kiti cha abiria. Akiendesha kabla haijaisha, hilo ni kosa jipya.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, miaka ya themanini na tisini. Aliacha kijitabu chekundu cha leseni, cha enzi zile, kimevimba kwa stakabadhi zilizobandikwa juu kwa juu. Ndani yake kuna ukurasa mmoja wenye maandishi ya wino wa buluu na mhuri wa mahakama ya bara: kosa la mwendo, tarehe, faini. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituonyesha. Alituambia askari yeyote njiani akifungua kitabu, anakutana na ukurasa ule kabla hajakutana na uso wake. Aliona aibu nao, lakini aliujua ulipo. Aliweza kuugusa kwa kidole.

Leseni ya mdogo wangu ni kadi ngumu yenye chipu, safi, inang'aa, haina mahali pa wino. Ukiitazama utadhani mwenyewe hajawahi kukanyaga mahakama. Hukumu yake iko kwingine, kwenye faili ya mahakama na kwenye kumbukumbu za polisi zilizofungamana na alama za vidole alizochukuliwa kituoni. Nafikiri hapo ndipo kizazi chetu kinapodanganyika. Mzee alibeba rekodi yake mfukoni, hakuweza kuisahau. Sisi yetu hatuioni, tukadhani haipo.

Tuliiona 2019. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Qatar kuendesha basi la wafanyakazi. Nusu ya vijana wa mtaa wetu wako Ghuba. Mtu akipata kazi ya udereva huko, nyumba nzima hupata paa jipya. Wakala alitaka pasipoti, vipimo vya hospitali, leseni, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Tukalipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, akaenda Huduma Centre pale Posta, barabara ya Digo, akapakwa wino mweusi vidole vyote kumi. Alirudi akicheka, mikono michafu, akampaka Mama wino puani. Cheti kilipotoka kilikuwa na mstari unaoitaja kesi ya 2016. Wakala hakugombana naye wala hakumtukana. Alimrudishia pasipoti tu, akamwambia kazi ya kubeba watu haiwezi kupelekewa karatasi ile.

Baada ya hapo tukaona jinsi mlango mmoja ukifungwa, na mwingine hufungwa. Alitaka kuendesha matatu; beji ya dereva wa magari ya abiria inadai cheti kilekile. Alitaka trela za bandarini. Mwenye trela alikuwa na fomu ya bima inayouliza kama dereva amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kuendesha. Kuna rafiki aliyemshauri aandike hapana. Nilikataa, na katika yote niliyoyafanya kwenye jambo hili, hilo najivunia. Mwenye kuficha kwenye fomu ya bima anaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ambayo mtu amelala hospitalini. Akaandika ndiyo, akaeleza. Hakuitwa.

Nimesikia watu wakisema serikali ingeachana na kumbukumbu hizi, mtu akilipa faini basi. Sikubaliani, na ninasema hivi nikiwa dada wa mtu aliyeumizwa nazo. Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi imekula watu wengi mno, hatuwezi kutaka kila dereva aanze upya kila asubuhi kama aliyezaliwa jana. Wanaokumbuka 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, mikanda na spidi gavana katika matatu, wanakumbuka pia kwamba kulikuwa na kilio kama hiki cha kuonewa. Mwaka 2012 adhabu za Sura ya 403 zilipoongezwa, matatu ziligoma. Mzazi anayempandisha mtoto gari la shule Nyali ana haki ya kutaka kujua mwenye usukani amewahi kufanya nini.

Binamu yetu anaishi Leicester, na alipotueleza ya huko niliona wenzetu wameiandika rekodi hadi mwanzo na mwisho wake. Kosa lina pointi zake. Ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu, unaweza kunyang'anywa leseni. Dereva mpya, ndani ya miaka miwili ya kwanza, 6 tu zinatosha kuifuta. Aliyetiwa hatiani kwa kuendesha amelewa anapigwa marufuku angalau miezi 12, na alama ya kosa inabaki kwenye kumbukumbu za leseni yake miaka 11. Umoja wa Falme za Kiarabu nako ni pointi nyeusi, 24 kwa mwaka leseni inazuiwa. Sisifu kila kitu cha ng'ambo. Nilichokipenda ni kwamba dereva wa Leicester anajua hesabu yake ikoje leo, na tarehe gani mstari ule utafutika. Mdogo wangu hakuna karatasi aliyopewa mahakamani zaidi ya risiti.

Kinachotakiwa kuwa kwenye rekodi ni ukweli. Na rekodi ya mdogo wangu si ya kweli yote. Inasema alikuwa akikimbia akipita magari. Hakukimbia. Alimvunja mtu mguu kwa kusoma daftari akiendesha, na hilo ni zito vya kutosha. Lingeandikwa hilo, lingekuwa haki yake na haki ya barabara.

Nimemtaja mama wa samaki mara moja nikampita, na sitaki kumfanyia yale tuliyomfanyia siku ile mahakamani, ambapo hatukuuliza hata kama amekuja. Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata, nyumbani kwake Kisauni. Nilikwenda na Mama, tumebeba sukari na mchele, na tumejiandaa kutukanwa. Alitukaribisha mkekani. Anatembea kwa kuchechemea, na beseni haweki tena kichwani. Binti yake ndiye anayekwenda kununua samaki, akaacha shule kwa ajili hiyo. Nilipolisikia la binti kuacha shule, mimi mwalimu, sikuweza kunywa chai niliyopewa.

Alitueleza jambo nisilolitarajia. Alikuwa amefungua kesi ya madai ya fidia, na wakili wake alimwambia kazi imekuwa nyepesi kwa sababu dereva alikiri. Nimelisoma hilo pia baadaye: kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Hakuhitaji tena kutafuta mashahidi wa alfajiri ile, vijana wa bodaboda ambao nusu yao wamehama. Kampuni ya bima ililipa. Hakikuwa kiasi cha kumrudishia mguu wake, alisema, lakini kilimlipia chuma kilichomo ndani ya paja na deni la hospitali.

Kwa hiyo neno lile moja la kizimbani, lililomfungia mdogo wangu milango ya Ghuba, lilimfungulia yeye mlango. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sina namna ya kulifanya liwe jepesi. Lau mdogo wangu angekana mashtaka ya kifungu cha 47, huenda mama yule angezungushwa mahakamani miaka. Lau angekiri kosa alilolitenda hasa, la kutokuwa mwangalifu, naamini wote wawili wangepata haki yao. Hilo ndilo linalonirudisha kwenye ule ujia wa mahakama kila mara. Kumshauri akiri si vibaya. Nilimshauri akiri bila kumuuliza anakiri nini.

Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa yeyote haki ya kuelezwa mashtaka kwa kina, haki ya kupata muda wa kutosha wa kujiandaa, haki ya kuwa na wakili na haki ya mkalimani bila malipo akiwa haelewi lugha ya kesi. Nilikuwa nikiwafundisha watoto sura ya haki hizo darasani, tena kwa wimbo. Haikunijia hata siku moja kwamba haki ya "muda wa kutosha" inamaanisha dereva wa gari la mikate anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema hayuko tayari kujibu leo, naomba tarehe, nikatafute mtu wa kunisomea. Hakimu hatakasirika, na hata akikunja uso, atakupa. Dhamana ipo. Pesa zilizokuwa mkobani mwangu zingetosha kumtoa kwa dhamana na kumlipa wakili kwa siku moja.

Siku hizi watu wa mtaani hunijia. Neno limeenea kwamba yule mwalimu anajua mambo ya trafiki, ingawa ninachojua ni kidogo na nimekinunua ghali. Mwezi uliopita alikuja jirani yetu mmoja jioni baada ya Magharibi, kijana wake wa tuktuk amemgonga mwenye bodaboda karibu na Shanzu na kesho yake anafikishwa mahakamani. Aliweka bahasha mezani. "Mwalimu, pesa tunazo," akasema. "Twende naye tu, umwambie akubali, yaishe."

Nikamwita kijana. Nikamuuliza ilikuwaje, kuanzia alipowasha tuktuk. Alieleza mpaka adhana ya Isha ikatukatiza, tukaswali, akaendelea. Lipo alilokosea, alikata kona bila kuashiria. Lipo pia ambalo hakulitenda. Nikamuuliza kama karatasi ya mashtaka ameiona. Hakuiona.

Kesho yake niliomba tena ruhusa ya nusu siku. Mahakama ya Shanzu ilikuwa imejaa vilevile, joto lilelile, karani na mafaili yake. Kijana akaitwa, akasomewa haraka haraka, akaulizwa ni kweli au si kweli. Akageuka kunitafuta kwa macho, kama nilivyojua atafanya. Safari hii nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kichwa nimeinamisha, ili asipate pa kuegemea ila kwake mwenyewe. Kukawa kimya kidogo.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nisomewe tena, polepole."